Makosa ya Mbao Katika Litungu na Gitaa: Yapi Yatengenezwe, Yapi Yaachwe

Fundi aliyemaliza kuchonga mwili wa litungu, akauweka kivulini ukauke, kisha baada ya wiki mbili akaukuta umepasuka kutoka ukingoni hadi karibu na kitako, ana njia tatu mbele yake. Aweza kuutupa na kutafuta gogo jingine. Aweza kuziba ufa kwa gundi na unga wa mbao, akapaka rangi, akauza. Au aweza kuutengeneza kama inavyopasa. Njia ya pili ni rahisi na huvutia wengi, nayo ndiyo inayokiletea chama hasara kubwa kuliko zote, ingawa hasara hiyo haionekani katika vitabu vya mwezi ule ule.

Vyama vingi vya msingi katika wilaya za Tarime na Serengeti vimezoea kahawa, tumbaku na pamba, na makatibu wake wanajua vema tofauti ya zao safi na zao lililoharibika. Kazi ya mbao haina mazoea hayo. Mwanachama seremala akileta karakanani kitu chenye kasoro, aghalabu hapatikani mtu wa kusema kama kasoro ile ni ya kurekebishwa au ni ya kukatiwa tamaa, wala gharama yake ibebwe na nani. Ndiyo maana yafaa jambo hili lielezwe kwa kirefu, kwa kuanzia na litungu, ambalo ni chombo cha wenyeji, kisha gitaa, ambalo seremala aliyekwisha kulijua litungu hushawishika kulijaribu.

CHOMBO NA MZIGO WAKE

Litungu, ambalo kwa Kikuria huitwa iritungu, ni la ukoo mmoja na obokano ya Wakisii na nyatiti ya Wajaluo. Lina mwili wa mbao uliochongwa ukawa kama bakuli kubwa, nao umewambwa ngozi ya ng'ombe. Mikono miwili ya mti hutoka katika mwili huo na kuungana juu kwa mti wa kukingama, na nyuzi nane hufungwa kutoka mti huo hadi upande wa chini wa mwili. Waluhya nao wana litungu, lakini lao ni dogo zaidi na lina nyuzi saba. Litungu la Wakurya, kwa ukubwa wake, huwekwa chini mpigaji akakaa karibu nalo, na sauti yake ni nzito yenye mngurumo. Zamani nyuzi zilikuwa za kano za ng'ombe. Siku hizi mafundi wengi hutumia uzi wa nailoni wa wavuvi.

Hapana budi ieleweke kwanza ni kwa nini kasoro ndogo katika chombo cha muziki ni jambo kubwa. Kinu chenye ufa bado hutwanga, na mzinga wa nyuki wenye ufa bado hukaliwa na nyuki. Chombo cha nyuzi hakina msamaha huo. Nyuzi zikikazwa huvuta mchana na usiku, mwaka mzima, hata wakati hakuna anayekipiga. Katika litungu, mti wa kukingama huvutwa kuelekea mwili, mikono husukumwa ndani ya mwili, na ngozi iliyokazwa nayo huuvuta ukingo kuelekea ndani. Ufa uliozibwa juu juu hufunguka chini ya mzigo huo. Tena, ufa ukiachwa wazi chombo hutoa mlio wa kukwaruza kila uzi unapoguswa, na mpigaji huusikia kabla ya mtu mwingine yeyote.

MTI UNAVYOKAUKA

Makosa mengi yanayosemwa kuwa ni ya mkono wa fundi kwa kweli ni makosa ya kutosubiri. Mti uliokatwa karibuni una maji mengi, na katika miti mingine maji hayo yakaribia nusu ya uzito wa mti wenyewe ukiwa mkavu, au huzidi hapo. Maji yaliyo katika matundu ya mti hutoka kwanza bila madhara. Yanapobaki kama asilimia 30 ya uzito wa mti mkavu ndipo mti unapoanza kusinyaa, wala hausinyai sawasawa. Kwa urefu karibu hausinyai kabisa. Kutoka kiini kuelekea gome husinyaa kiasi, na kwa kufuata duru zake husinyaa takriban mara mbili ya hapo. Kwa kuwa pande hizo hazikubaliani, mti hujipasua wenyewe, na ufa huanzia kwenye kiini na kwenye ncha, kwa sababu maji hutoka upesi zaidi kwenye ncha kuliko ubavuni.

Kutokana na jambo hili fundi mwangalifu hupata kanuni tatu. Gogo lipasuliwe katikati kwanza, na mwili uchongwe katika nusu moja, upande wa kiini ukiwa ndio mdomo, na mbao ya vidole viwili hivi kuzunguka kiini iondolewe yote. Uchongaji wa kwanza ufanyike mti ukiwa bado mbichi, maana hapo tezo hula kwa urahisi, lakini kuta ziachwe nene, unene wa vidole viwili au zaidi, zikapunguzwe baadaye. Kisha ncha mbili zipakwe nta au rangi nzito, na mwili ufukiwe katika maranda makavu ndani ya banda lisilopita upepo mkali, wala usianikwe juani hata kwa saa moja.

Swali linaloulizwa daima ni mwili ukae kwa muda gani. Kwa mbao za kawaida zilizopangwa kivulini, maseremala huhesabu mwaka mmoja kwa kila unene wa sentimeta mbili na nusu. Mwili uliokwisha kuchongwa hukauka upesi zaidi, kwa kuwa kuta zake ni nyembamba. Lakini njia ya hakika ni mizani. Mwili upimwe kila wiki na uzito uandikwe juu yake kwa penseli. Ukipungua bado haujakauka. Ukikaa majuma matatu au manne pasipo kupungua uko tayari. Mizani ya kupimia magunia haifai kwa kazi hii, maana haioni gramu mia. Itumike mizani ya duka.

Majira nayo yana sehemu yake. Mwili uliopimwa ukaonekana mkavu mwezi wa Aprili, katikati ya masika, bado utasinyaa ifikapo Agosti. Kwa hiyo kazi ya kuunga na kuwamba ngozi ni afadhali ifanywe katika miezi ya kiangazi, kati ya Juni na Septemba, na miezi ya mvua iachiwe uchongaji wa kwanza.

UFA KATIKA MWILI

Ufa ukionekana wakati mti ungali unakauka, usizibwe. Hili ndilo kosa la kwanza la wengi. Ufa huo utazidi kufunguka, na gundi iliyotiwa mapema itazuia kuta zisirudi pamoja, kisha yenyewe itang'oka na kuacha uchafu ambao gundi ya pili haitashika. Lifanyike jambo moja tu. Kitobolewe kitundu chembamba kwa keekee mahali hasa ufa unapoishia, ili nguvu ya mpasuko ipotelee katika uduara wa kitundu badala ya kusonga mbele. Baada ya hapo mwili urudishwe katika maranda, ncha zikapakwe nta upya.

Mti ukisha kukauka kabisa, ufa hupimwa. Ukiwa mwembamba hata kucha haiingii, gundi nyembamba husuguliwa kwa kidole hadi iingie ndani, na mwili hufungwa kwa kamba au mpira wa baiskeli hadi siku ya pili. Ukiwa mpana zaidi, hutengenezwa kwa kipande cha mti. Fundi hunyoosha kingo za ufa kwa kisu chembamba au msumeno mwembamba, huchonga kipande chembamba cha mti ule ule, chenye ukavu ule ule, mkondo wake, yaani namna nyuzinyuzi za mti zinavyolala, ukiwa sambamba na mkondo wa mwili. Kipande hicho huingizwa kwa kusukumwa na vidole pamoja na gundi. Kisigongwe kwa nyundo. Kipande kilichogongwa hufanya kazi ya kabari, na kabari kazi yake ni kupasua.

Watu wengi huuliza kwa nini unga wa mbao uliochanganywa na gundi hautoshi, maana ukipigwa msasa hauonekani. Unga hauna mkondo. Mti unaouzunguka utapanuka wakati wa masika na kusinyaa wakati wa kiangazi, nao unga utabaki kama ulivyo, basi baada ya misimu michache utaachana na mti upande mmoja. Unga na gundi vinafaa kwa tundu la ukubwa wa kichwa cha msumari, na si zaidi ya hapo.

Ufa mrefu unahitaji pia kushikwa kwa ndani. Vibao vidogo vya mbao, unene wa milimeta tatu hivi, hupachikwa kwa gundi juu ya ufa upande wa ndani, kila kimoja kikiwa mbali na mwenzake kwa upana wa kiganja. Hapa mkondo wa kibao hukingama ufa badala ya kuufuata, kwa sababu kibao kikifuata ufa kitapasuka pamoja nao. Kingo za kibao zipunguzwe zikawe nyembamba, ili kisianzishe ufa mpya mahali kinapoishia. Wazee waliishika kanuni hii bila gundi ya dukani. Kibuyu kilichopasuka kilitobolewa pande mbili za ufa na kushonwa, na mshono hukatiza ufa daima. Mwili mnene wa litungu waweza kushonwa vivyo hivyo kwa waya laini au ukanda wa ngozi mbichi. Ni kazi halali, na si ya kuonewa haya.

Ufa usiofaa kutengenezwa ni ule unaopita katikati ya tundu la mkono, au unaofika kwenye kitako mahali nyuzi zinapofungwa. Hapo ndipo mzigo wote unapokutana. Mwili wa namna hiyo ugeuzwe kuwa kitu kingine, au ukatwe uwe akiba ya viraka.

UKUTA ULIOTOBOKA, TUNDU LILILOZIDI, UKINGO ULIOPOTOKA

Fundi anayepunguza kuta kwa tezo au patasi huweza kutoboa nje, hasa mahali ukuta unapopinda kuelekea kitako. Kosa hili laogopesha kwa sura, lakini si baya kama ufa, maana mti wenyewe ni mzima. Tundu lipanuliwe hadi liwe na umbo la yai, refu kwa kufuata mkondo, na kingo zake zilazwe mteremko, ndani kukiwa kupana kuliko nje. Kiraka huchongwa kwa umbo hilo hilo na kuingizwa kutoka ndani, hivi kwamba kadiri kinavyosukumwa ndivyo kinavyokaza. Kiachwe kinene kuliko ukuta, na baada ya gundi kukauka ndipo kipunguzwe. Ili kosa lisirudie, fundi awe na kipimo cha miguu miwili iliyopinda, ambacho mguu mmoja huingia ndani na mwingine hubaki nje. Seremala yeyote aweza kukiunda kwa mbao na parafujo moja. Kubisha ukuta kwa kidole na kusikiliza ni desturi njema, lakini sikio huchoka mapema kuliko kipimo.

Mkono wa litungu ukilegea katika tundu lake, mkono wa kwanza wa wengi huenda kwenye kopo la misumari. Msumari katika mahali hapa ni adui. Hupasua ncha ya mkono, hupata kutu kwa unyevu wa ngozi, na hauzuii kulegea, kwa sababu mti huendelea kusinyaa kuuzunguka. Kuna dawa mbili za kweli. Ya kwanza ni kuongezea mkono kipande chembamba cha mti mgumu kwa gundi, kisha kuuchonga upya hadi uingie kwa kukaza kidogo. Ya pili ni ukanda wa ngozi mbichi iliyolowekwa, unaozungushwa pale mkono unapoingia na kufungwa ungali laini. Ngozi ikikauka husinyaa na kubana kwa nguvu ambayo kamba ya mkonge haifikii.

Ukingo wa mwili usipokuwa sawa, ngozi haitakaa juu yake pande zote, na sauti huwa ya kufifia. Wengi hujaribu kuponya kwa kuvuta ngozi zaidi, wakaipasua. Itafutwe bapa la ubao lililonyooka, lipakwe masizi au chaki, liwekwe juu ya ukingo na kusogezwa kidogo. Mahali palipochafuka ndipo palipoinuka, napo hupunguzwa kwa randa au tupa, na jaribio hurudiwa hadi alama ienee ukingo wote. Ni kazi ya nusu saa.

Kuna kasoro isiyotengenezeka, nayo ni wadudu. Vumbi laini la rangi ya unga likionekana chini ya mwili asubuhi, ni dalili kwamba wadudu watobozi wamo. Hupenda mbao nyeupe iliyo karibu na gome, kwa kuwa ina wanga. Kama matundu ni machache na yako katika weupe huo, sehemu hiyo ichongwe iondoke yote, kiraka kitiwe, na mwili utengwe kwa miezi kadhaa ukiangaliwa. Kama yameenea, uondolewe karakanani siku ile ile, maana gharama ya huruma hapa ni mbao zote zilizopangwa karibu.

GITAA

Gitaa kavu, yaani lisilotumia umeme, lina historia ndefu katika nchi hizi. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi Jean-Bosco Mwenda huko Jadotville, mji ambao leo ni Likasi, na sauti ya gitaa la namna ile ikaenea kutoka Kongo hadi magharibi ya Kenya, ambako George Mukabi alijipatia jina kwa mtindo wake mwenyewe. Kwa seremala, tofauti kubwa ya gitaa na litungu ni kwamba gitaa haliwambwi ngozi. Uso wake ni ubao mwembamba, wa milimeta tatu hivi au pungufu, nao huvutwa na nyuzi sita. Nyuzi za nailoni kwa pamoja huvuta kwa nguvu ya kilo 40 hivi, na za chuma huvuta kilo 70 au zaidi, ambazo ni zaidi ya gunia la kahawa la kilo 60 likining'inia juu ya ubao mwembamba kama jalada la daftari la hesabu.

Kanuni za ufa ni zile zile, ila kwa gitaa kuna hatua moja ya ziada. Uso uliopasuka wakati wa kiangazi hurudishiwa unyevu kwanza. Gitaa huwekwa ndani ya sanduku pamoja na kitambaa chenye maji kilichotiwa katika kikopo kilichotobolewa, maji yasiguse mbao. Baada ya siku kadhaa ufa hujifunga wenyewe au karibu kujifunga, ndipo gundi hutiwa na vibao vidogo hubandikwa kwa ndani. Anayebana ufa kwa nguvu bila kurudisha unyevu anaujengea mwenzake kando yake.

Daraja la nyuzi likinyanyuka, sababu yake karibu kila mara ni moja: liliunganishwa juu ya vanishi. Gundi ilishika vanishi, na vanishi ndiyo iliyoachana na mti. Daraja liondolewe kwa kisu kilichopashwa moto, mahali pake pakwanguliwe hadi mti mtupu uonekane, kisha liunganishwe upya na kubanwa usiku kucha. Parafujo zinazopigiliwa juu ya daraja lililonyanyuka hazifai. Hulishikilia daraja huku zikipasua uso.

Kosa linalowavunja moyo mafundi ni la freti, vile vyuma vinavyokingama ubao wa vidole. Freti moja ikikosewa kwa milimeta moja, gitaa lote husikika kama lililotoka nje ya sauti, na hakuna kukaza uzi kutakakoliponya. Hesabu yake yapasa kujulikana. Urefu wa uzi, tuseme milimeta 650, hugawanywa kwa 17.817, na jibu, milimeta 36.5, ndilo umbali wa freti ya kwanza kutoka juu. Urefu uliosalia, 613.5, hugawanywa tena kwa 17.817, na jibu ni 34.4, nafasi ya freti ya pili kutoka ile ya kwanza. Huendelea hivyo, na hesabu ikiwa sahihi freti ya 12 huangukia katikati kabisa, kwenye milimeta 325. Katibu asiyeshika msumeno maishani mwake aweza kumsaidia fundi hapa, kwa kumwandikia orodha nzima ya vipimo mara moja, kila kimoja kikihesabiwa kutoka juu, ili makosa madogo yasijumlishane.

Mfereji wa freti uliokatwa mahali si pake haumaanishi kuutupa ubao. Kipande chembamba cha mti ule ule, iwe mpingo au mti mwingine mgumu, huchongwa kikajaa mfereji, hutiwa gundi, husawazishwa, na mfereji mpya hukatwa mahali sahihi. Katika mpingo mshono hauonekani kabisa, kwa weusi wake. Lakini mifereji miwili ikiwa karibu hivi kwamba ukuta kati yao ni mwembamba kuliko milimeta moja, utabomoka chini ya msumeno. Hapo kipande kiwe kipana, kikafunike sehemu zote mbili.

Ubavu wa gitaa unaovunjika wakati wa kupindwa, ukiwa umevunjika kwa kukatiza mkondo, hautengenezeki. Ukinyanyuka kibanzi tu upande wa nje, kibanzi hicho hulazwa kwa gundi kabla ya ubavu kupoa na kukakamaa. Na pengo kati ya shingo na mwili lisijazwe gundi nzito. Linajazwa kwa kipande cha mti, hata kama ni chembamba kama karatasi.

HASARA NA VITABU

Chukulia mfano wa kubuni, ili hesabu ionekane. Gogo limenunuliwa kwa shilingi 40,000. Siku nane za kazi kwa shilingi 10,000 ni 80,000. Ngozi, nyuzi na gundi ni 20,000. Litungu limegharimu 140,000, na bei yake ni 200,000. Ufa ukigunduliwa kabla ya kuwamba ngozi, matengenezo ni siku moja na gundi ya shilingi 2,000, jumla 12,000, na ziada hubaki 48,000. Hata likiuzwa kwa 180,000 kwa kuwa mnunuzi ameambiwa kwamba lilitengenezwa, ziada ni 28,000. Sasa ufa ukifichwa, na litungu likarudi baada ya miezi mitatu, yahitajika ngozi mpya ya 12,000, siku tatu za kazi 30,000, gundi 2,000, na nauli ya kulirudisha 10,000. Hizo ni 54,000. Katika ile ziada ya 60,000 iliyoandikwa kwa furaha hubaki 6,000, na mnunuzi amekwisha kuwaeleza wenzake.

Swali la nani abebe gharama huleta ugomvi kuliko ufa wenyewe, nalo halifai kujibiwa siku ya ugomvi. Liwekwe katika masharti ya chama au liamuliwe na mkutano mkuu kabla ya kazi. Haki yaelekea hivi: mbao ikiwa ilinunuliwa na chama na ikatolewa stoo kabla ya kukauka, hasara ni ya chama, mwanachama akianika mwili juani au akapigilia msumari kinyume cha maagizo, ni ya mwanachama. Hata hivyo mwanachama anayejua kwamba kila kosa litakatwa katika malipo yake ataficha makosa, na kosa lililofichwa limekwisha kuonekana hapo juu linagharimu kiasi gani. Ni busara basi kosa linaloripotiwa kabla ya kuwamba ngozi lisikatwe mtu, na lile linalogunduliwa na mnunuzi likatwe.

Kila chombo kiwe na kadi yake. Iandikwe namba, siku gogo lilipoingia, uzito wa kila wiki wakati wa kukauka, kasoro iliyoonekana, aliyeitengeneza, na saa alizotumia. Pamoja na kadi ihifadhiwe stakabadhi ya mbao na kibali chake, kwa mujibu wa Sheria ya Misitu ya mwaka 2002. Hili lina uzito wa pekee katika wilaya ya Serengeti, ambako sehemu kubwa ya ardhi imo ndani ya Hifadhi ya Taifa iliyoanzishwa mwaka 1951, na mti wa hifadhini haununuliki kwa bei yoyote. Gogo la kutosha mwili wa litungu si jambo dogo. Ni mti mzima uliokua kwa miaka mingi, na kila mwili unaookolewa kwa kiraka kizuri ni mti mmoja ambao chama hakikulazimika kuutafuta.

Mwisho kuna jambo la stoo, ambalo karakana nyingi hulisahau. Kiraka kizuri kuliko vyote ni cha mti ule ule, na mti ule ule haupatikani tena baada ya mabaki yake kuchomwa jikoni. Kila gogo linapochongwa, kipande cha urefu wa mkono kiwekwe akiba, kiandikwe namba ya chombo kwa rangi kwenye ncha, na kipangwe juu ya boriti, mbali na ukuta wenye unyevu, kisitumiwe kwa kazi nyingine hadi chombo chake kitakapomaliza walau miaka miwili mikononi mwa mnunuzi.